Mikono ya Kushoto katika Somo la Wageni

Umewahi kufundisha ukuta?

Rhodri Pugh aliufundisha miaka miwili, na ukuta wenyewe ulikuwa wa vitabu. Kila mwanafunzi alirundika vitabu vyake juu ya dawati, vya hesabu chini, vya historia katikati, vya mitihani iliyopita juu kabisa, hata mwalimu akisimama mbele hakuona ila nywele nyeusi na, hapa na pale, kipande cha miwani. Akiuliza swali, nywele zilishuka. Akilirudia, zilishuka zaidi. Akingoja, alisikia vifuniko vya vikombe vya maji ya moto vikifunguliwa na kufungwa, na mtu akipiga chafya nyuma.

"Kwetu tunafuga kondoo," aliwahi kuwaambia siku moja uvumilivu ulipomwishia. "Kondoo ukimuuliza kitu, angalau huitikia mee."

Vichwa vyote vikainama. Walikuwa wanaandika "mee."

Rhodri alikuwa Mwelshi, mrefu, mwenye masikio yaliyowiva kwa wekundu akikasirika, na alikasirika mara nyingi. Alifika katika mji huu wa Hunan, kusini mwa China, akiwa na shahada, begi moja, na imani isiyo na mfano: kwamba lugha haikaririwi kama sala, bali mtu huipata siku anapoitumia kusema lililomo tumboni mwake. Wanafunzi walishindwa na jina lake wakampa lingine, Luo. Mlinzi wa lango, aliyetafuna popoo kutwa hadi shavu moja likawa kubwa kuliko lenzake, alimwita Luo Mrefu.

Wala hakuwa mgeni wa jana. Sokoni aligombania bei ya machenza kwa lahaja ya hapohapo. Pilipili alikula bila kutoa chozi. Majira ya baridi alifundisha ndani ya koti nene lililofika magotini, kama walimu wote, kwa kuwa madarasa hayakuwa na joto na madirisha yaliachwa wazi kwa amri ya Mkuu Deng, aliyeamini kuwa hewa baridi huzuia mafua. Walimu wote walikuwa na mafua.

Yote hayo aliyazoea. Kimya ndicho hakukizoea. Kilimla. Kila Jumatatu aliingia darasani na mbinu mpya, michezo, picha, mijadala, na kila Jumatatu alitoka kama mtu aliyetoka kutwanga maji.

Aliyemfanya asifunge begi akaondoka alikuwa Mwalimu Tan Yulan. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza na mlezi wa darasa lile, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kupasua mawe. Ndiye aliyempeleka Rhodri polisi kuandikisha makazi, akampeleka kwa daktari wa meno akamshika mkono kama mtoto, akamletea blanketi la umeme na kumkaripia jinsi ya kulitumia asije akaungua. Rhodri alimwita Dada Tan. Yeye, akiwa na furaha, alimwita Luo Mdogo.

Lakini Dada Tan alikuwa na jeraha lake. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa likipelekwa mkoani aombewe cheo cha mwalimu mwandamizi, na kila mara lilirudi. Waliomfuata walimpita. Mmoja wao aliwahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye Tan mwenyewe alimfundisha namna ya kushika chaki. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho; baada ya hapo umri usingemruhusu. Kilichopungua kilikuwa kimoja tu: somo zuri la wageni, yaani somo ambalo walimu kutoka shule nyingine na wakaguzi wa mkoa wanakuja kukaa nyuma na kulitazama, kisha wanalitolea hukumu.

"Utafundisha wewe, darasa langu," alimwambia Rhodri katika chumba cha walimu. "Mimi ndiye niliyeliandaa. Mgeni mwenye pua ndefu mbele, wanafunzi wachangamfu nyuma. Wakaguzi wanapenda."

"Wanafunzi wachangamfu? Tunaenda kuwaazima wapi?"

"Wewe njoo mazoezini."

Akaenda. Akauliza swali la kwanza lililokuwa katika mpango wa somo: ndoto yako ni nini? Na mikono ikapanda yote. Darasa zima, hamsini na wanane, kama mwanzi baada ya mvua. Rhodri alisimama pale macho yakimlowa. Miaka miwili! Akamchagua aliyekuwa karibu, akajibiwa vizuri. Akamchagua mwingine, vizuri vilevile. Alirudi chumbani kwake akiimba.

Jioni alikwenda kula kwenye duka la tambi za mchele lililokuwa nje ya lango la nyuma. Mwenye duka alikuwa na binti, Peng Xiaoman, mwanafunzi wa darasa lilelile. Darasani Xiaoman alijificha nyuma ya vitabu kama wenzake, lakini dukani, kitambaa cha kufutia meza mkononi, alimwaga Kiingereza chake kilichopinda bila aibu.

"Mwalimu, kwa nini unakula tambi kama unapigana nazo?"

"Nina furaha, Xiaoman. Leo mmenyoosha mikono. Wote!"

Msichana akamtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Mwalimu Tan hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Anayejua jibu ananyoosha mkono wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Wewe unachagua wa kulia tu. Leo umebahatisha, sisi wenye mikono ya kulia tumekaa mbele."

Vijiti vikabaki hewani.

"Labda alidhani hata kwenu mnafanya hivyo," Xiaoman akasema kwa huruma, akaendelea kufuta meza.

Masikio yalikuwa bado yanawaka alipomkuta Dada Tan asubuhi. Yeye alikuwa anakunywa dawa ya koo, mbegu zilizovimba kikombeni kama viluwiluwi, kwa sababu sauti ya kupasua mawe ilikuwa imeanza kupasuka yenyewe. Alikuwa akilifanyisha darasa mazoezi kila alfajiri, somo lilelile, mwanzo hadi mwisho.

"Dada Tan, huu ni uongo."

"Ni adabu. Mgeni akija kwenu, mama yako hafagii nyumba?"

"Anafagia. Lakini hachori kochi ukutani akamwambia mgeni kaa!"

Tan alicheka hadi akakohoa, akajipiga kifuani. "Mdomo huo ungekuwa wa mwanafunzi wangu, ningekuwa nimeshapanda cheo zamani."

"Sitanii. Hawa si kasuku. Mnawatia woga mpaka mtu akiulizwa jina lake anatafuta jibu kwenye kitabu. Halafu mnawapamba mbele ya wageni, na wageni nao wanajua kuwa ni pambo, na wanaandika 'vizuri sana,' na mwaka ujao ninyi mnakwenda kwao kutazama pambo lao. Nani anamdanganya nani?"

"Hakuna anayedanganywa," Tan akasema. "Ndiyo maana si uongo."

Rhodri akashika kichwa.

Tan akaweka kikombe chini. Sasa hakuwa anacheka. "Sikiliza, Luo Mdogo. Uyasemayo nayajua. Nilikuwa nayasema kabla hujazaliwa, uliza. Mwakani wewe utakuwa kwenu na kondoo wako, mimi nitakuwa hapa na chaki hii. Nakuomba dakika arobaini. Dakika arobaini tu usiwe na msimamo."

Angemjibu nini mtu aliyemshika mkono kwa daktari wa meno? Aliahidi.

Siku ya somo ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Darasa lilihamishiwa ukumbini, likapangwa chini ya kitambaa chekundu chenye maandishi ya kuwakaribisha viongozi. Wageni walikaa nyuma na makoti yao na vikombe vyao, na katikati yao Mkaguzi Hu, bibi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, ambaye aliandika bila kuinua macho. Tan alisimama kando ukutani. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Alibaki na macho.

Mwanzo kila kitu kilikwenda kama gari kwenye reli. Rhodri aliuliza, mikono ikapanda, akachagua ya kulia. Ikafika zamu ya Ouyang Kai, kiranja, kijana aliyenyoosha kola ya shati hata kulipokuwa na giza. Ndoto yake ilikuwa kuwa mwanasayansi na kuitumikia nchi. Rhodri alikuwa ameshaisikia ndoto hiyo katika kila zoezi. Lakini leo, kabla ya neno "mwanasayansi," Ouyang alinyamaza kidogo, akatazama dari, akakuna kichwa, kama mtu anayefikiri. Na Rhodri akakumbuka kwamba hata katika mazoezi alikuna kichwa pale pale. Alikuwa amefundishwa kukuna. Mtu alikuwa amekaa na kijana huyu akamfundisha kufanana na mtu anayefikiri.

Hapo ndipo damu ilipompanda. Hasira yenyewe haikuwa ya jambo kubwa. Ilikuwa ya ule mkono kichwani.

Akazima picha zilizokuwa zikimulikwa ukutani. Akaweka mpango wa somo mezani, akaufunika kwa kiganja.

"Nina swali lingine," alisema. "Jepesi. Leo asubuhi mmekula nini?"

Haukupita muda. Mikono ikapanda, yote, hamsini na wanane, imenyooka kama ilivyofundishwa.

Yote ya kushoto.

Fikiria: hakuna hata mmoja aliyejua alichokula. Swali halikuwemo katika mpango, kwa hiyo jibu halikuwepo, hata kama bado alikuwa na ladha yake ulimini. Na wale wageni nyuma, wote walimu, ambao kila mmoja alikuwa ameacha darasa kwao lenye kanuni ile ile ya kulia na kushoto, waliutazama msitu ule na wakaelewa palepale. Kicheko kikaanza pembeni, kidogo, cha puani. Kikasambaa safu kwa safu. Mkaguzi Hu akainua macho kwa mara ya kwanza.

Rhodri akamwona Tan pale ukutani. Rangi ilikuwa imemtoka hadi midomoni.

Angeweza kuacha. Mpango ulikuwa chini ya kiganja chake. Kuufunua kulikuwa kazi ya kuinua mkono. Badala yake akanyoosha kidole kwa mtu pekee ambaye, kwa alivyojua yeye, alikuwa na kitu tumboni.

"Xiaoman."

Xiaoman akasimama polepole. Mkono wa kushoto ulichelewa kushuka. Ukumbi ukanyamaza, na kimya hiki kilikuwa kirefu kuliko vyote ambavyo Rhodri aliwahi kuvilaani.

"Mimi nimekula tambi," Xiaoman alisema kwa Kiingereza. "Hapana. Sikula. Tumekuja hapa bado giza." Akakosa pumzi, akaivuta. "Mwalimu wetu hajala. Mwalimu wetu hana sauti. Sauti amewapa sisi. Somo hili tumefanya mara nyingi, nyingi, mimi nalichukia. Lakini yeye hakuchoka na sisi, sisi wajinga. Nyinyi mnacheka. Tafadhali msimcheke Mwalimu Tan."

Akakaa, akaficha uso nyuma ya vitabu ambavyo siku hiyo havikuwepo, ikabidi autie mikononi.

Wimbo wa kumaliza kipindi ukalia kwenye vipaza sauti. Wageni wakakusanya vikombe bila kutazamana. Mkaguzi Hu akafunga kalamu, akatoka wa kwanza.

"Mwalimu Luo," Mkuu Deng alisema mlangoni, uso umemkakamaa, "ulikuwa... mkakamavu."

Tan alimngoja nje, barazani. Ilimbidi Rhodri ainame ili amsikie.

"Uliniahidi."

"Dada Tan, lakini alichosema yule binti ni kweli tupu."

"Najua ni kweli. Nilikuwepo," akanong'ona. "Nani alikuomba ukweli? Nilikuomba dakika arobaini."

Akaenda zake, kikombe cha mbegu mkononi, na mgongo wake mfupi ulionekana mfupi zaidi.

Rhodri alizunguka mji mzima mchana ule akigombana na kila mtu kichwani mwake. Aligombana na Mkuu Deng, na wakaguzi, na mitihani inayowakausha watoto kama samaki wa kuanikwa, na kila hoja alishinda, na ushindi wote haukumshibisha. Wakati wa chakula cha jioni akaishia dukani kwa mama Xiaoman. Mama hakumsalimu. Alimwekea bakuli la tambi zisizo na pilipili, kama anavyowekewa mgonjwa, au mpita njia.

Xiaoman alikuwa anamenya vitunguu saumu.

"Ulisema vizuri," Rhodri alianza kwa Kiingereza.

"Leo nimemaliza Kiingereza," msichana akajibu kwa lugha yao. "Sema kama watu."

"Kwa nini uliona haya? Ulisema lililokuwa moyoni. Miaka miwili nimewangoja mseme hivyo."

"Mwalimu, mkono wangu ulikuwa wa kushoto. Uliuona?"

"Niliuona."

"Wa kushoto maana yake: niache. Mwalimu Tan huwa anaacha. Mtu hajui, na hakuna anayejua kwamba hajui. Wewe uliuona ukaninyooshea kidole." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Yeye anatudanganyia. Wewe unatutumia. Kula, zinapoa."

Alikula. Hazikuwa na ladha yoyote.

Alfajiri aliamka akiwa na maneno tayari. Angemwomba Tan radhi mbele ya darasa, angekwenda mkoani kwa miguu yake, angemwambia Mkaguzi Hu kuwa kosa lilikuwa lake peke yake. Mlinzi wa lango alimpigia kelele, "Luo Mrefu, leo uko mbio kama umeiba!" Hakujibu. Ngazini akagongana na Mkuu Deng, na Mkuu Deng akamshika mikono yote miwili. Alikuwa anang'aa.

"Mkaguzi Hu amepiga simu!"

"Ni kosa langu, Mkuu. Mwalimu Tan hakujua lolote—"

"Kosa? Anasema ametazama masomo ya wageni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajawahi kuona mwanafunzi akisimama kumtetea mwalimu wake. Alilia ndani ya gari! Jina la Mwalimu Tan ameliweka juu kabisa. Na wiki ijayo wanakuja wakubwa wa jimbo lote. Wanataka somo hilihili."

"Lipi hilo?"

"Hilihili! Swali la chakula, mikono ya kushoto, kimya, yote."

"Hata kimya?"

"Hasa kimya," akasema Mkuu Deng, na akashuka ngazi akichekelea, akiwa amesahau kufunga vifungo vya koti.

Rhodri alisimama pale akiwa na maneno yake ya radhi ambayo sasa hayakuwa na mtu wa kupewa. Kisha akapanda. Ilikuwa saa ya kusoma kwa sauti, na kutoka kila darasa zilivuma sauti kama mizinga ya nyuki. Darasa la Tan peke yake lilikuwa kimya. Dirisha lililoelekea barazani lilikuwa wazi, kama amri ya Mkuu ilivyotaka. Akasimama kando yake, akachungulia.

Tan alikuwa mbele. Hakuwa amelala, ilionekana, lakini alisimama wima kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sauti ilikuwa imemrudia nusu, ya kukwaruza.

"Leo asubuhi mmekula nini?" akauliza.

Mikono ya kushoto ikapanda.

"Taratibu! Jana hamkunyoosha hivyo. Jana mliogopa. Ogopeni."

Ikashuka, ikapanda tena, safari hii kwa woga mzuri.

Mkono mmoja haukuwepo. Xiaoman alikuwa ameiweka yake juu ya dawati, yote miwili. Tan akamtazama. Wakatazamana kwa kitambo, mwalimu na mwanafunzi, na hakuna aliyekunja uso. Kisha Tan akageuza macho akaita, "Ouyang."

Ouyang Kai akasimama, akanyoosha kola.

"Mimi nimekula tambi," alisema. "Hapana. Sikula. Tumekuja hapa bado giza." Akakosa pumzi pale pale alipoikosa Xiaoman, akaivuta vilevile. Rhodri aling'ata ukingo wa mkono wa koti asipige kelele.

Kijana alipokuwa akiendelea, Xiaoman aliinama, akatoa mfuko mdogo ndani ya dawati, akatoa humo yai lililochemshwa kwa majani ya chai, bado linafuka moshi. Akainuka bila ruhusa, akapita katikati ya madawati, akaliweka mezani kwa mwalimu. Akarudi, akakaa, akatoa lake, akaanza kulimenya.

Tan alilitazama yai. Akaligonga ukingoni mwa meza, akalimenya kwa kucha bila kuondoa macho kwa Ouyang, akauma nusu nzima.

"Mwalimu wetu hajala," Ouyang alikuwa anasema, sauti ikimtetemeka kwa ufundi. "Mwalimu wetu hana sauti."

Tan, shavu limejaa, akainua mkono wenye nusu ya yai kumsimamisha. Akatafuna. Akameza. Akapangusa kiini cha njano kwenye kona ya mdomo.

"Tena," akasema. "Kuanzia mwanzo."